PREZIDA KENNEDY, MUGONGO WAKE NA DAWA YAKE



Hapa Musumba jina la Kennedy halina haja ya kufasiriwa. Wazee waliokuwa vijana wakati wa vita vya Katanga wanalijua vizuri. Kwa wengine njo yule prezida wa Marekani aliyemukatalia Moïse Tshombe, mutoto wa hapa kwetu, nchi yake. Kwa wengine njo yule aliyesaidia Kongo isipasuke. Mabishano yale tuwaachie wazee, bado wanayamaliza chini ya muembe. Lakini kuna neno moja ambalo wakati ule hawakuambiwa, na hata Wamarekani wenyewe hawakuambiwa. Mutu yule, ambaye kwenye picha anaonekana kijana mwenye nguvu kupita maprezida wengi, alikuwa mugonjwa karibu maisha yake yote. Siku zingine alishindwa hata kuinama ili avae soksi. Ndani ya mwili wake tezi mbili ndogo zilikuwa zimekufa, na mifupa ya mugongo wake ilikuwa imechoka kuliko umri wake.

John Fitzgerald Kennedy alizaliwa tarehe 29 mwezi wa tano 1917, kule Brookline, karibu na muji wa Boston. Tshombe alizaliwa hapa Musumba miaka miwili nyuma yake, mwaka 1919, na akasoma katika mashule ya wamisionari Wamethodisti wa Marekani. Baba wa Kennedy alikuwa tajiri sana. Watoto nyumbani walikuwa tisa, na yeye alikuwa wa pili. Katika jamaa ile kucheza mupira, kuogelea na kushinda ilikuwa kama sheria. Lakini mutoto huyu alikuwa mwembamba, kila mara kitandani. Kabla ya kufikisha miaka mitatu aliugua homa nyekundu, karibu afe. Halafu tumbo: kuhara, maumivu, kupungua uzito. Alipokuwa sekondari walimupeleka kwenye hopitali kubwa ya Mayo, wanganga wakamupimapima mpaka yeye mwenyewe akaanza kuwachekea. Ndugu zake walikuwa na mzaha kwamba mbu akimuuma Jack, njo mbu atakayekufa.

Mwaka 1940 alimaliza Chuo Kikuu cha Harvard. Jeshi la nchi kavu likamukataa juu ya mugongo. Mutoto wa tajiri angeweza kukaa nyumbani bila haya, na mimi naona wengi wetu tungelikaa. Yeye alitafuta njia, baba yake akamusaidia, akaingia jeshi la maji mwisho wa 1941.

Usiku wa tarehe 2 mwezi wa nane 1943, katika visiwa vya Solomon, mashua yake ndogo ya vita, PT-109, iligongwa na manowari ya Wajapani ikapasuka vipande viwili. Askari wawili walikufa palepale, kumi na mmoja wakabaki. Mmoja alikuwa ameungua sana, hakuweza kuogelea. Kennedy alishika kwa meno ukanda wa koti la kuelea la mugonjwa yule, akamuvuta baharini muda wa saa 4 hivi mpaka kisiwani. Waliokolewa kiisha siku kadhaa, kwa musaada wa wenyeji wawili wa visiwa vile, Biuku Gasa na Eroni Kumana, waliopeleka habari iliyochongwa juu ya ganda la nazi. Watu walimusifu Kennedy, na ilifaa. Lakini mugongo, ambao tayari ulikuwa mubaya, ulizidi kuharibika. Mwaka 1944 walimupasua mara ya kwanza. Haikusaidia.

Mwaka ule ule kaka yake mukubwa, Joseph, alikufa na ndege yake katika vita. Matumaini yote ya baba yakaanguka juu ya huyu mugonjwa. Mwaka 1946 akachaguliwa kuwa mujumbe wa bunge.

Sasa tufike London, mwaka 1947. Kennedy alikuwa katika safari ya kutembelea Ireland na Uingereza. Akaanguka: hana nguvu, anatapika, damu imeshuka. Munganga Mwingereza aliyemupima akaona ni ugonjwa wa Addison, na akaambia watu kwamba kijana huyu hatamaliza mwaka. Wakamurudisha Marekani kwa meli ya Queen Mary, na padri akamupa sakramenti ya mwisho. Alikuwa na miaka 30 tu.

Ugonjwa huu ni nini? Wale wa klase ya biokimi wafuate vizuri. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo kama kofia. Wafaransa wanaiita sirenali, wengine wanasema adrenali. Tezi ile inatoa homoni. Moja inaitwa kortizoli: inasaidia mwili kusimama wakati wa shida, wakati wa homa, njaa, jeraha. Nyingine, aldosteroni, inachunga chumvi na maji ili damu isishuke. Tezi hizo zikiharibika, mutu anachoka bila sababu, anakonda, anatamani chumvi, anasikia kizunguzungu akisimama, na ngozi yake inageuka nyeusi zaidi. Kwa sisi watu weusi neno hilo la mwisho linapita bila kuonekana. Inafaa kuangalia fizi, ulimi, mistari ya kiganja na makovu. Munganga Thomas Addison wa London njo aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1855. Wagonjwa wengi wa wakati wake tezi zao zilikuliwa na kifua kikuu, na katika inchi zenye kifua kikuu kingi, kama yetu, sababu ile bado iko. Kwa wengine ni askari wa mwili wenyewe wanaokosea na kupiga tezi zao. Kwa Kennedy, wanganga wengi wanafikiri ilikuwa hivyo, kwa kuwa tezi yake ya shingo nayo ilikuwa mbovu, na dada yake Eunice alipata ugonjwa ule ule wa Addison.

Kama Kennedy angelizaliwa miaka ishirini mbele, angelikufa tu. Lakini alikuwa na bahati ya wakati. Kwanza walimupa dawa moja ya kufanana na homoni ya chumvi: vidonge vidogo vilivyopandwa chini ya ngozi, na kila kiisha miezi kadhaa wanapanda vingine. Halafu ikaja kortizoni. Watu watatu walioifungua njia ya dawa hii, Kendall, Hench na Reichstein, walipata zawadi ya Nobel mwaka 1950, na karibu na wakati ule Kennedy akaanza kuitumia. Inaandikwa kwamba jamaa yake ilificha akiba ya dawa hii katika masanduku ya benki sehemu mbalimbali, ili popote atakapokuwa asikose. Uso uliokuwa umekonda ukajaa. Nguvu zikarudi. Mwaka 1952 alishinda kiti cha seneta, na mwaka 1953 akamuoa Jacqueline Bouvier.

Lakini kortizoni iko na deni lake, na deni lile mifupa njo inalipa. Tusifikiri mufupa ni jiwe. Mufupa ni kama nyumba ambayo mafundi wake hawatoki hata siku moja: hawa wanabomoa matofali ya zamani, hawa wanajenga mapya. Kortizoni ikizidi, wajenzi wanachoka na wengi wanakufa, lakini wabomoaji wanaendelea. Tena matumbo yanapokea kalsiyumu kidogo, na mafigo yanaitupa nyingi katika mukojo. Mufupa unabaki na umbo lake kwa nje, ndani umejaa matundu. Ya kwanza kuumia mara nyingi ni pingili za mugongo, kwa kuwa ndani yake ni kama sifongo na zinabeba uzito wa mwili muchana kutwa. Pingili moja inabonyea, mutu anaona ni kuchoka tu. Ya pili inabonyea, anaanza kupungua urefu.

Mugonjwa wa Addison yuko kati ya moto na maji. Bila dawa anakufa. Akipata kidogo mno, anaweza kuanguka siku moja ya homa. Akipata nyingi mno kwa miaka, mifupa inalainika. Siku za Kennedy wanganga hawakujua kipimo vizuri, na walitoa kwa wingi. Kwa sasa mutu mukubwa anapewa haidrokortizoni kama miligramu 15 mpaka 25 kwa siku, zikigawanywa mara mbili ao tatu, na anafundishwa kuongeza akiwa na homa, kiisha kurudi kwenye kipimo chake. Wagonjwa wanaobaki na kipimo kidogo mifupa yao inakaa vizuri kupita wale wa zamani. Hata hivyo hatari haikuisha: wanganga wa Sweden waliofuata wagonjwa zaidi ya 3,000 waliandika mwaka 2011 kwamba watu wenye Addison wanavunjika mufupa wa nyonga kupita watu wengine. Kwa wanawake tena, tezi hizo zikifa wanapoteza homoni zingine zinazosaidia mifupa.

Kwa hiyo mugonjwa wa namna ile anaambiwa kutembea na kufanya mazoezi, kuacha tumbako na pombe, kupata jua, na kula vyakula vya kalsiyumu. Hapa kwetu hatuna maziwa mengi, lakini tuko na sombe, na tuko na samaki wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa yao. Watu wanawadharau samaki wale kwa kuwa bei yao ni ndogo.

Niseme neno moja pembeni, kwa kuwa linatugusa kuliko Kennedy mwenyewe. Ndugu wa dawa ya Kennedy wanauzwa sokoni kwetu. Deksametazoni njo mmoja wao. Inauzwa kwa vidonge bila karatasi ya munganga, na wadada wanaimeza ili wanenepe, mashavu yajae. Kortizoni zingine kali ziko ndani ya mafuta ya kung'arisha ngozi. Unene ule si afya, ni maji na mafuta, na wakati uso unajaa, mugongo unaliwa. Tena kuna hatari ya pili. Mwili ukipata kortizoni kutoka inje kwa muda mrefu, tezi zinalala, zinaona kazi imefanywa na mwingine. Siku mutu anapoacha kwa gafula, tezi hazijaamka bado, naye anaanguka sawa na Kennedy kule London. Kwa hiyo mutu ambaye ameimeza kwa miezi asiitupe siku moja; aende kwa munganga, waipunguze polepole.

Turudi. Mwaka 1954 seneta Kennedy alikuwa anatembea na magongo. Wanganga walimwambia kwamba operesheni ya mugongo inaweza kumuua, kwa kuwa mutu asiye na tezi zile hawezi kuvumilia kisu. Alichagua kisu. Tarehe 21 mwezi wa kumi 1954, kule New York, walimupasua na kufunga mifupa kwa kipande cha chuma. Wakati wa kumupasua walimupa homoni kwa kipimo kikubwa, jambo ambalo wakati ule lilikuwa jipya. Alipona kisu, lakini maambukizi yakamuingia, akapoteza fahamu, na padri akaitwa tena. Mwezi wa pili 1955 wakafungua tena na kutoa chuma kile. Alirudi katika seneti mwezi wa tano 1955. Katika miezi ile ya kitandani alitengeneza kitabu juu ya maseneta wenye uhodari, Profiles in Courage, na mwaka 1957 kikapata zawadi ya Pulitzer. Musaidizi wake Sorensen alifanya sehemu kubwa ya kazi ile, na inafaa tuseme hivyo.

Kuna jambo la ajabu hapa. Mwisho wa 1955 wanganga wale waliandika juu ya operesheni hii katika gazeti lao la kazi, bila kutaja jina: mwanaume wa miaka 37 mwenye ugonjwa wa Addison. Mutu yeyote aliyejua kuhesabu angeweza kumujua. Lakini ilikuwa 1967, miaka minne kiisha kifo chake, ndipo munganga mmoja, John Nichols, alipoandika wazi kwamba mugonjwa yule alikuwa Kennedy.

Kabla ya hapo, siri ilichungwa. Mwaka 1960, wakati wa kampeni, watu wa upande mwingine walianza kusema kwamba Kennedy ana Addison. Wasaidizi wake wakakataa, wakacheza na maneno: walisema hana ule ugonjwa ambao wazee waliuita Addison, yaani ule wa kifua kikuu. Ni uongo uliovaa koti la ukweli. Wengine wanautetea, kwa kusema kwamba asingelichaguliwa. Mimi naona njo sababu ya kutosha ya kuwaambia watu, kwa kuwa wao njo walikuwa wanachagua. Na tazama: mwezi wa tisa 1960, aliposimama mbele ya Nixon kwenye televizyo, watu waliona ngozi yake ya rangi ya jua, wakasema huyu njo mwenye afya. Nixon ndiye aliyeonekana mugonjwa!

Akaingia kazini tarehe 20 mwezi wa kwanza 1961, na miaka 43. Siku tatu mbele, Lumumba alikuwa ameuawa hapa Katanga, na habari haikutangazwa mpaka mwezi wa pili.

Mwezi wa tano 1961 Kennedy alikuwa Ottawa, Kanada. Walimupa jembe apande muti wa heshima. Jembe mara chache tu, na mugongo ukakatika kwa maumivu. Mwanzo wa mwezi wa sita alikwenda Vienna kukutana na Khrushchev wa Urusi, mukutano muzito kupita yote ya mwaka ule, akiwa na maumivu yale, akichomwa sindano ili asimame. Munganga wake Janet Travell alimuchoma dawa ya ganzi mugongoni mara nyingi, na alimushauri akae katika kiti cha kuyumba, kile ambacho watu walifikiri ni cha starehe. Mwisho wa 1961 wanganga wengine waliona sindano zinamumaliza, wakamuleta Hans Kraus. Huyu alimutia mazoezi, kila juma mara kadhaa, kuimarisha nyama za tumbo na mugongo. Njo kitu kilichomusaidia kupita visu vyote vinne alivyopigwa.

Katika mwili huo njo maneno ya Katanga yalipitia. Mwezi wa kumi na mbili 1961 Tshombe alipanda ndege ya prezida wa Marekani kutoka Ndola kwenda Kitona kuongea na waziri mukuu Adoula. Lakini Kennedy na Tshombe wenyewe hawakukutana. Mwaka 1962 Marekani ilimunyima Tshombe viza. Kennedy alisitasita muda mrefu, kwa kuwa katika nchi yake na kwa Wabeleji Tshombe alikuwa na marafiki wengi. Mwishoni alikubali kuunga mukono mpango wa U Thant, na ndege za Marekani zikabeba askari na vyombo vya ONU. Tarehe 28 mwezi wa kumi na mbili 1962 askari wa ONU walianza kusonga. Mwanzo wa 1963 waliingia Jadotville, ambayo ni Likasi. Tarehe 14 mwezi wa kwanza Tshombe alitangaza mwisho wa kujitenga, na tarehe 21 ONU wakaingia Kolwezi bila vita. Wale wa Kolwezi wanaosoma hapa wawaulize babu zao.

Tarehe 22 mwezi wa kumi na moja 1963, kule Dallas, Kennedy alikuwa amevaa korse ngumu ya mugongo, na juu yake amezungusha bandeji. Risasi moja ilimupita shingoni. Wanganga walioandika baadaye wanafikiri kwamba korse ile ilimuzuia asiiname, akabaki wima, na risasi nyingine ikamukuta kichwani. Usiku ule walipomufungua, karatasi ya uchunguzi haikusema hata neno moja juu ya tezi zake. Mwaka 1992 mmoja wa waliomufungua alisema kwamba hazikuonekana kabisa.

Mwaka 2002 muhistoria Robert Dallek alifunguliwa karatasi za hopitali na picha za radio, akazitazama pamoja na munganga. Aliandika kwamba mifupa ya mugongo ilikuwa imelainika, na pingili zilikuwa zimebonyea. Yeye anafikiri kwamba dawa hizi zilianza kuingia tangu ujana, kwa ajili ya tumbo, na kula mugongo kabla hata ya vita. Wengine wanamukatalia, wanasema hakuna karatasi inayoonyesha hivyo. Wapasuaji walioandika mwaka 2017 walikazia zaidi operesheni zenyewe, kwamba visu viliharibu kuliko kutengeneza.

Tshombe alikufa Algeria mwaka 1969, na miaka 49. Kennedy alikufa na 46. Eunice, yule dada mwenye ugonjwa ule ule, alianzisha mwaka 1968 michezo ya dunia kwa watu wenye kasoro ya akili, akaishi na dawa yake mpaka 2009, na miaka 88.